MAISHA YA SAMUEL JOHNSON, FUNDI WA MANENO

Mara hii tulipewa kazi ya kuandika maisha ya mtu mkubwa wa zamani. Wenzetu wengine walitaka jemadari wa vita, wengine walitaka mfalme. Sisi tukachagua mtu wa maneno, na mtaona kwa nini.

Kila mmoja wetu iko na daftari ya Kiingereza yenye mistari miwili. Upande huu neno la Kiingereza, upande ule maana yake kwa Kifaransa. Jioni, saa ya etidi, tunakariri: neno, maana, neno, maana. Kisha juma mbili, nusu ya maneno yamekwisha kuruka kama ndege. Tena hata yale yanayobaki hayajui kufanya kazi. Ukimwambia mtu atie neno lile katika sentensi, anaanza kuangalia dari. Basi yuko mtu mmoja aliyefikiri juu ya jambo hili karibu miaka kumi, akajua kwamba maana peke yake haitoshi, neno linataka kuonekana likiwa kazini. Jina lake Samuel Johnson, Mwingereza.

Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, katikati ya Uingereza. Baba yake, Michael, alikuwa muuza vitabu, na nyumba yao ilikuwa duka na makao pamoja. Mtu atafikiri: kumbe alikuwa mwenye bahati, vitabu viko chini ya kitanda! Vitabu, ndiyo, vilikuwako. Feza haikuwako. Na mwili wake ulikuwa shida tangu mwanzo. Mtoto mchanga alipata ugonjwa wa tezi za shingo, ukamwachia makovu na ukamharibia macho. Jicho la kushoto karibu halikuona kitu. Siku zile watu waliamini kwamba mkono wa mfalme unaponya ugonjwa ule. Mwaka 1712 mama yake alimpeleka mpaka London, Malkia Anne akamgusa. Hakupona. Lakini kile kipande cha dhahabu alichopewa na Malkia alikivaa shingoni maisha yake yote.

Alipokuwa kijana, kitu kingine kilionekana: mikono, kichwa na mabega vilitikisika bila yeye kutaka, na kinywa kilitoa sauti za ajabu. Leo waganga wengi wanaosoma habari zake wanafikiri ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Wakati ule watu walicheka tu, na wengine waliogopa.

Pamoja na hayo, akili yake ilikuwa kali. Alisoma kila kitu katika duka la baba, hata vitabu ambavyo wateja hawakutaka. Mwaka 1728 aliingia Oxford, katika koleji ya Pembroke. Huko viatu vyake vilipasuka mpaka vidole vikatokea nje. Mtu mmoja alimhurumia, akaweka viatu vipya mbele ya mlango wake usiku. Johnson alipoviona, alivitupa kwa hasira. Sisi tumebishana sana bwenini juu ya viatu hivyo. Wengine wanasema alikuwa na kiburi cha bure, mwenye njaa hachagui. Wengine wanasema maskini hana kitu kingine kinachobaki zaidi ya heshima yake. Hatukupatana mpaka taa ikazimwa.

Kisha miezi 13 tu feza ilikwisha kabisa, akarudi nyumbani bila diploma. Wapenzi finalisti, shikeni neno hili, maana litarudi. Kukosa diploma kulimfunga miguu kwa miaka 25. Baba yake alikufa mwaka 1731. Mbele ya kufa, siku moja alikuwa mgonjwa, akamwomba kijana wake aende kuuza vitabu mezani pake katika soko la Uttoxeter. Kijana alikataa, aliona haya kusimama sokoni. Karibu miaka 50 nyuma yake, Johnson akiwa mzee mwenye jina kubwa, alikwenda soko lile, akasimama kichwa wazi chini ya mvua mahali ilipokuwa meza ya baba. Watu waliopita walimcheka. Yeye alisimama tu.

Alijaribu ualimu. Mwaka 1735 alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyempita miaka 20, na kwa feza ya mke akafungua shule yake mwenyewe katika kijiji cha Edial. Wanafunzi waliokuja walikuwa wachache sana, shule ikafa. Baadaye aliomba kazi ya mwalimu mkuu mahali pengine, lakini walitaka mtu mwenye diploma ya chuo kikuu, naye hakuwa nayo. Mmoja wa wale wanafunzi wachache wa Edial alikuwa David Garrick, ambaye nyuma yake alikuwa mchezaji mkubwa wa tiatri kuliko wote wa Uingereza ya siku zile. Mwaka 1737 mwalimu asiye na shule na mwanafunzi wake walishika njia pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Kuna jambo ambalo lilitufurahisha sisi tunaosoma kwa Kifaransa. Kitabu cha kwanza cha Johnson, kilichotoka mwaka 1735, kilikuwa tafsiri kutoka Kifaransa, tena habari zake ni za Afrika: safari ya padri Mreno, Jerónimo Lobo, katika nchi ya Abisinia, yaani Etiopia. Alilipwa gini tano. Ni kusema, ule mtu atakayewafundisha Waingereza lugha yao alianza kwa kuhangaika kati ya lugha mbili, sawasawa na sisi.

London ilikuwa kali. Aliandikia magazeti kwa malipo kidogo, na kuna usiku alizunguka katika njia mpaka asubuhi kwa kukosa pa kulala. Lakini wauza vitabu waliona kwamba huyu mtu amesoma kupita wengine. Tarehe 18 Juni 1746 wakapatana naye: aandike kamusi ya Kiingereza, alipwe gini 1500, ni kusema pauni 1575. Feza ile inaonekana nyingi. Ila katika hiyo alipaswa kulipa wasaidizi, na vyombo vya kazi, na kodi, na chakula cha miaka yote.

Tusimame hapa kidogo, kusudi wadogo wafahamu namna gani kamusi zilivyokuwa mbele yake. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitolewa na Robert Cawdrey mwaka 1604. Ilikuwa na maneno kama 2500, maneno magumu tu, na maana fupi fupi mbele ya kila neno. Kwa kifupi, ilifanana na madaftari yetu. Kamusi zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi. Ile ya Nathan Bailey ilikuwa na maneno mengi sana, na Johnson mwenyewe aliitumia kama msingi wa kupanga orodha yake. Lakini Bailey, akifika kwa mnyama kama mbwa, aliridhika kusema kwamba ni mnyama anayejulikana. Vizuri! Kama anajulikana, kamusi ya nini? Na kwa maneno madogo ya kila siku, yale tunayodharau, kamusi zile hazikusaidia mtu hata kidogo.

Wafaransa walikuwa na kamusi yao ya Akademi, iliyotoka mwaka 1694. Akademi ilikuwa na watu 40, na ilitumia zaidi ya miaka 50. Johnson alisema yeye ataimaliza kwa miaka mitatu. Ilimchukua karibu tisa.

Alipanga nyumba katika Gough Square, karibu na Fleet Street. (Nyumba ile ingali imesimama hata leo, watu wanaitembelea.) Juu kabisa, chini ya paa, aliweka meza kama ofisi ya makarani. Alikuwa na wasaidizi sita, na watano wao walitoka Scotland. Yeye mwenyewe, wanasema, alikaa juu ya kiti chenye miguu mitatu na mkono mmoja, akikiegemeza ukutani kisianguke.

Sasa tuelezee kazi yenyewe, maana ndiyo roho ya habari hii. Johnson hakuanza kwa kukaa na kufikiri maana ya neno. Alianza kwa kusoma. Alichukua vitabu vya waandishi wazuri wa zamani: Shakespeare, Milton, Dryden, Bacon, Locke, na Biblia ya Kiingereza. Akisoma na lile jicho lake moja lililobaki, kitabu karibu kigusane na pua, alipoona sentensi inayoonyesha vizuri nguvu ya neno fulani, alilipiga mstari kwa kreyo nyeusi, na pembeni ya ukurasa akaandika herufi ya kwanza ya neno lile. Kisha alimpa kitabu msaidizi. Msaidizi alinakili sentensi ile juu ya kipande cha karatasi. Vipande vikapangwa kwa abisidi, A na A, B na B. Vitabu vingine vilikuwa vya kuazima, na wenyewe walivipata vimejaa mistari na uchafu. (Wale wanaoazima vitabu vya biblioteki yetu wasitumie habari hii kujitetea.) Vitabu kadhaa vyenye alama za mkono wake vimetunzwa mpaka leo.

Vipande vya neno moja vilipokusanyika, ndipo Johnson aliketi navyo. Alitazama: katika sentensi hii neno linafanya kazi gani? Na katika ile? Je, ni maana moja, ao ni mbili? Kutoka sentensi alipata maana, si kutoka maana kwenda sentensi. Tunaomba mwanafunzi asome hapa mara mbili. Sisi kwa kawaida tunapewa maana kwanza, kisha, kama wakati uko, mfano. Yeye aligeuza njia.

Kwa njia ile aligundua kwamba maneno madogo ndiyo magumu. Neno refu la Kilatini lina maana moja, ukilishika limekwisha. Lakini neno dogo kama ‘take’! Johnson alilipatia maana zaidi ya 130, kila moja na namba yake. Mtu akishangaa, afikiri neno letu kupiga. Mgeni akifungua daftari yake akaona tu kwamba kupiga ni kutandika mtu kwa mkono ao kwa fimbo, atafanya nini akisikia kwamba mama anapiga pasi, kaka anapiga picha, wazee wanapiga kura, mgeni anapiga hodi, na wakristo wanapiga magoti? Atakimbia! Atasema watu wa nchi hii hawana huruma. Hakuna maana moja itakayomsaidia. Anahitaji sentensi, moja, mbili, kumi, mpaka sikio lenyewe lizoee. Kiingereza kiko vile vile, na sisi tunapoteza nguvu kwa maneno marefu ya kujionyesha huku ‘take’ na ‘set’ na ‘put’ zinatuangusha kila siku.

Tena Johnson hakuchukua sentensi yoyote tu. Alitaka, inapowezekana, mfano wenyewe ufundishe kitu: habari ya mimea, ya sheria, ya dini, ya tabia njema. Mtu anayetafuta neno moja aondoke na mawili. Aliepuka waandishi ambao mafundisho yao aliyaona mabaya. Na kwa sehemu kubwa hakutaja waandishi waliokuwa hai, kusudi watu wasiseme amependelea rafiki zake. Ingawa mara chache, lazima tuseme, rafiki waliingia kwa mlango wa nyuma.

Kazi haikwenda sawasawa. Karatasi nyingi ziliandikwa pande mbili, wakati wachapaji walitaka upande mmoja tu, na kuzinakili upya kulimgharimu pauni 20. Feza ya wauza vitabu ilikuwa inapungua. Na Machi 1752 mke wake Elizabeth akafa. Wengi walikuwa wamecheka ndoa ile, shauri ya umri wa mwanamke, lakini Johnson alimlilia mpaka mwisho wa maisha yake, na kila mwaka siku ile aliishika kwa maombi.

Siku chache tu baada ya matanga, mtoto mmoja aliingia katika nyumba ile ya huzuni. Aliitwa Francis Barber, mwenye umri wa miaka kama kumi. Alikuwa mtoto mweusi, aliyezaliwa katika utumwa kule Jamaica, katika mashamba ya miwa. Baba wa rafiki mmoja wa Johnson alimleta Uingereza. Mwaka 1755 mwenye kumleta alikufa, na katika wasia wake alimpa uhuru. Barber alikaa kwa Johnson kama mtumishi, lakini Johnson alimtia katika masomo. Na hapa kuna kitu kilichotugusa kuliko vyote. Kati ya karatasi za kazi ya kamusi zilizobaki, watu wa elimu wameona jina la Francis Barber limeandikwa kama zoezi la mwandiko. Juu, darini, watu wazima wanahangaika na maelfu ya maneno. Na mtoto aliyetoka utumwani anaokota karatasi ya kazi ile ile, anajifunza kuandika jina lake.

Kulikuwa na bwana mkubwa mmoja, Lord Chesterfield. Mwaka 1747 Johnson alimwandikia mpango wa kamusi, kwa tumaini kwamba atamsaidia. Bwana alimpa kidogo, pauni kumi tu, kisha akasahau. Johnson alikwenda kwake, akangojeshwa nje. Miaka saba ikapita. Mwisho wa 1754, kamusi ikiwa karibu kutoka, Lord Chesterfield akaandika mara mbili katika gazeti kuisifu, kama mtu aliyekuwa pamoja na kazi tangu mwanzo. Februari 1755 Johnson alimjibu kwa barua ambayo Waingereza wanaifundisha mpaka leo. Kwa adabu yote, bila tusi hata moja, alimwonyesha kwamba msaada unaokuja wakati mtu amekwisha kufika pwani si msaada tena. Zaidi ya hapo, katika kamusi yenyewe, alipofika kwa neno la bwana mwenye kusaidia wasanii, aliandika maana yenye pilipili.

Mwezi ule ule wa Februari chuo cha Oxford kilimpa ile diploma, ya heshima, kusudi jina lake litoke na herufi zake juu ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa amengoja tangu mwaka 1729.

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755: vitabu viwili vikubwa, vizito, karibu kurasa 2300, maneno 42773, na sentensi za mifano kama 114000. Nakala kama 2000 zilichapwa. Bei ilikuwa pauni nne na shilingi kumi, feza ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuweza kuitoa. Mwaka uliofuata wakatoa ndogo ya shilingi kumi kwa watu wa chini, nayo iliuzwa sana. Lakini kusudi iwe ndogo, waliondoa sentensi za mifano, wakaacha maana na majina ya waandishi tu. Kwetu sisi huo ulikuwa msiba. Tajiri alipata maneno yakiwa hai, na maskini akapata mifupa yao. Na ndiyo ile ndogo iliyoingia katika nyumba nyingi.

Kamusi haikukosa makosa. Alipofasiri sehemu fulani ya mguu wa farasi, aliita goti, na si goti. Mama mmoja alimwuliza kwa nini, watu wakangoja maelezo marefu. Johnson alijibu kwamba ni ujinga tu. Asili ya maneno mengi alikosea, kwa sababu lugha za jamaa ya Kijerumani hakuzijua vizuri. Neno la wavu alilifasiri kwa maneno magumu kuliko wavu wenyewe, na tangu siku ile walimu wanalitumia kucheka. Kuna pia mizaha yake. Juu ya nafaka iitwayo ‘oats’, alikumbusha kwamba Waingereza wanawapa farasi, lakini huko Scotland ni chakula cha watu. Na wale wasaidizi watano, watu wa Scotland, waliinakili bila shaka kwa mkono wao! Mtunga kamusi mwenyewe hakumwacha: alimfasiri kama mtu wa kazi ngumu ya punda, asiyemdhuru mtu.

Msifikiri alitajirika. Gini 1500 zilikuwa zimekwisha kuliwa na kazi. Machi 1756, mwaka haujatimia tangu kamusi kutoka, alikamatwa kwa deni la pauni tano na shilingi 18. Mwandishi Samuel Richardson alimpelekea gini sita, akatoka. Mama yake alipokufa mwaka 1759, aliandika hadithi nzima katika jioni za juma moja kusudi alipe mazishi na madeni yake. Hadithi ile, Rasselas, ni ya mtoto wa mfalme wa Abisinia. Ona, Afrika ilimrudia.

Mwaka 1762 ndipo Mfalme George III alimpa pensheni ya pauni 300 kila mwaka. Adui zake walifurahi sana, wakafungua kamusi mahali pa neno pensheni, ambapo Johnson alikuwa ameandika kwamba ni mshahara wa mtu anayejiuza kwa Serikali. Aliona haya, akauliza rafiki, wakamwambia anapewa kwa kazi aliyokwisha kufanya. Akapokea. Sisi hatumlaumu.

Miaka iliyobaki tutaipita mbio, maana wengine wameiandika kwa urefu, zaidi ya wote rafiki yake Boswell aliyekutana naye mwaka 1763. Alitoa maandiko ya Shakespeare na maelezo yake mwaka 1765. Chuo cha Dublin kilimpa udaktari mwaka ule ule, na Oxford mwaka 1775; ndiyo sababu anaitwa Dokta Johnson. Nyumba yake ilijaa watu wasio na pa kukaa: mwanamke kipofu, Anna Williams, mganga wa maskini, Robert Levet, na Barber, ambaye Johnson alimlipia shule ya Bishop's Stortford kwa miaka kadhaa, ingawa alikuwa mtu mzima kati ya watoto. Johnson aliuchukia utumwa hadharani, wakati wakubwa wengi wa London walikula feza yake. Joseph Knight, mtu mweusi, alipodai uhuru wake mbele ya mahakama ya Scotland, Johnson alitoa hoja za kumsaidia, na Knight alishinda mwaka 1778.

Juni 1783, usiku, Johnson aliamka akaona ulimi haufanyi kazi. Alikuwa amepooza. Mtu aliyekusanya maneno ya taifa zima hakuweza kutamka hata moja. Aliogopa kwamba akili nayo imekwenda. Basi akatunga sala kichwani, kwa mashairi ya Kilatini. Alipoona mashairi hayakuwa mazuri, alitulia, kwa sababu kama anaweza kuona kwamba ni mabaya, akili ingali ipo. Kisha akachukua kalamu, akamwandikia jirani amwite mganga. Siku chache sauti ikarudi. Alikufa tarehe 13 Desemba 1784, akiwa na miaka 75, akazikwa katika Westminster Abbey.

Kazi yake haikuzikwa naye. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyotoka vipande vipande tangu 1884 mpaka 1928, ilifuata njia yake ya kukusanya sentensi kwanza, na maana zake nyingine iliziweka kama zilivyo. Na kwa sisi wageni wa Kiingereza, mwalimu Mwingereza A. S. Hornby, aliyefundisha huko Japani, alitayarisha pamoja na wenzake kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaichapa mwaka 1948. Mule ndani mifano si ya Shakespeare, ni sentensi za kila siku, fupi, za kumwonyesha mgeni neno linasimama wapi. Kama kamusi ya biblioteki iko huru, mtu aifungue kwa neno ‘take’ mbele ya kutafuta maneno marefu.

Wasia wa Johnson uliwakasirisha wengine, kwa maana sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na pauni 70 kila mwaka, aliiacha kwa Francis Barber. Barber alihamia Lichfield na mke wake na watoto. Feza haikudumu, akauza vitu vya bwana wake kimoja kimoja. Mwishoni alifungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, karibu na hapo. Alikufa mwaka 1801. Mtu aliyezaliwa mtumwa katika mashamba ya miwa ya Jamaica alikuwa mwalimu huko Uingereza, na watoto wa kijiji walijifunza kwake kusoma na kuandika.